Wimbo wa Mpagazi Uliomalizwa

Mwingereza aliyenunua sandarusi, ile gundi ya miti, hapa Bagamoyo alikuwa mwimbaji zaidi kuliko alivyokuwa mfanyabiashara. Mimi ndiye niliyemchongea masanduku ya mzigo wake. Kwao ni kaskazini ya Uingereza, na Waingereza wenzake waliopita hapa waliicheka lafudhi yake. Alikuwa na mtambo wa kunasa sauti: unaimba mbele ya mdomo wake, sindano inachora kwenye bati jembamba kama ganda la kitunguu, kisha mpini ukizungushwa sauti inarudi. Alitusikilizisha nyimbo za kwao alizoziimba mwenyewe. Mmoja ulihusu mtu aliyeuziwa nguruwe kipofu. Alipotueleza maana, wazee walisema astaghfirullah na wakaendelea kucheka. Mwingine ulikuwa wa wavuvi waliozama, na hapo alijipangusa macho bila kuona haya.

Baba, mwimbaji wa maharusini, hakukubali kushindwa. Naye akaimba nyimbo mbili mbele ya mtambo, mmoja wa mkwe aliyekuja karamuni akakaa mwezi, mwingine wa mpagazi aliyefia bara. Haukupita muda homa ikamchukua.

Mama akaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani, haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Na Mwingereza hakumruhusu mtu kuuhamisha mtambo. Wimbo wa mkwe watu walikwisha kuuomba mpaka bati likachanika. Mama akaniagiza, "Mwambie aniwekee ule wa mpagazi. Nitakuja nikitoka."

Mwingereza alinionya kwamba bati linalika, kila likichezwa sauti inapungua. Sikumwamini. Kwetu wimbo hukolea kwa kurudiwa, na sauti si sabuni hata iishe. Nikaona ni ubahili tu.

Nami nilikuwa na haja yangu. Sikumlilia baba. Nilimwosha, nikashuka kaburini kumpokea, nikala wali wa hitima, na moyo wangu umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Niliona aibu. Basi kila alasiri nilipopeleka masanduku niliomba wimbo ule, nikitafuta machozi. Yule bwana hakuweza kumnyima mfiwa, akazungusha mpini. Nilisikiliza, nikashukuru, nikaenda zangu. Sauti ilipofifia nilidhani ni masikio yangu yaliyoizoea.

Mama alipotoka eda alioga, akavaa nguo mpya, nikampeleka. Mpini ukazungushwa, ukatoka mkwaruzo kama wa ufagio uani. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akaomba urudiwe, akasikiliza tena vilevile, kichwa amekiinamisha. Kisha akauliza nani aliyeumaliza.

Nikamwambia ni mimi, nilikuwa nakitafuta kilio.

"Ukakipata?"

"Sikukipata, mama."

"Basi tumekosa sote wawili, mwanangu."