Mama Pasi Atafuta Saa ya Kutembea

Daktari alipomwambia ana kisukari, Mama Pasi hakuuliza ni ugonjwa gani. Aliujua. Ulianza na kidole cha mguu wa dada yake, ukapanda hadi gotini, na kabla mwaka haujaisha dada akazikwa na mguu mmoja. Kwa hiyo alikaa kwenye kiti cha plastiki akivitazama vidole vyake kumi kama mtu anayeagana na wageni.

"Utembee kila siku, nusu saa," daktari alisema. "Haraka haraka, jasho likutoke."

"Saa ngapi, daktari?"

"Saa yoyote inayokufaa, mama."

Saa yoyote! Anayesema hivyo hajawahi kupiga pasi mashuka ya hospitali kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, kisha akarudi nyumbani kufua ya kwake. Nje, nesi alimpa vidonge: kimoja asubuhi, nusu saa kabla ya kula. Akaandika kwenye kadi. Mama Pasi hakujua kusoma, shule waliipata kaka zake, na hakuona sababu ya kumtangazia binti wa umri wa kumzaa. Aliyashika maneno kichwani, kama alivyoshika kila kitu maishani. Njiani yakaingiliana: kidonge kabla ya kula, kutembea nusu saa. Akapata jambo moja lililonyooka: ameze, atembee, ndipo ale.

Alianza na jioni. Lakini jioni mtaa mzima umekaa nje, na muuza mkaa ana mdomo.

"Mama Pasi, mbona mbio? Umemwona?"

"Nimemwona nani?"

"Mumeo!"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mumewe alihamia kwa mwanamke fundi cherehani, mtaa wa pili, mwaka wa pili huo. Aliondoka na redio, kitanda, na miaka ishirini na mmoja ya ujana wa mtu, bila talaka wala kwaheri. Siku ya tatu Mama Pasi akaachana na jioni.

Kazini alimuuliza mwenzake wa kukunja mashuka, waliyemwita Bi Kona kwa alivyolinganisha pembe za shuka kama anapima kiwanja.

"Alfajiri, shoga. Tumbo tupu, mafuta yanayeyuka yenyewe. Na wambea wamelala."

"Na giza je?"

"Pita penye taa."

Penye taa palikuwa mtaa mmoja tu, mtaa wa fundi. Mama Pasi alipima: mbwa na vibaka gizani, au mlango ule kwenye mwanga. Akachagua mlango, apite ameinamisha uso.

Akawa anameza kidonge saa kumi na moja, anatembea, anakwenda moja kwa moja kazini. Kula ni saa nne, mashine zinapozimwa chai iingie. Wapiga pasi wote hula hivyo. Lakini tangu siku ya kwanza, ikifika saa tatu mikono inamtetemeka, jasho la baridi linamshuka mgongoni, moyo unagonga kama unadai kufunguliwa. Hakumwambia mtu. Sukari inapanda, alijiambia. Inautafuta mguu. Akakataa sukari kwenye chai, na kesho yake akatembea mizunguko miwili badala ya mmoja. Alivyozidi kutetemeka ndivyo alivyozidi kutembea.

Siku ya tisa alikwenda mitatu. Katika ule wa tatu taa za barabarani zikawa mbilimbili. Akashika ukuta, akateleza nao hadi chini, na alipoinua macho akaona ameketi kizingitini kwa fundi. Ndani mtu anakoroma. Mkoromo ule alilala nao miaka ishirini na mmoja. Alitaka kusimama, miguu ikakataa. Nitafia hapa, akawaza, na watasema nilikuja kugombana.

Mlango ukafunguka. Fundi alikuwa macho, futi ya kupimia shingoni, sare za shule zikimsubiri.

"Bi mkubwa? Ni wewe?"

"Usiniite bi mkubwa. Sina mdogo."

"Mbona umelowa hivi? Umekula?"

"Nile nini... sukari imepanda. Nimemeza kidonge, natembea, haishuki."

"Hujala, umemeza, unatembea?" Fundi alishika kichwa. "Imeshuka hiyo! Mama yangu ilimwangusha hivyo hivyo jikoni."

Akaingia, akatoka na kikombe. Mama Pasi alikiona kijiko kikizama na kurudi mara nne, sukari tupu. Akayakaza meno. Kumbe ndivyo mtu anavyouawa, kwa kikombe cha chai, na muuaji amepiga magoti anakubembeleza.

"Kunywa."

Akatikisa kichwa. Ulimi ulishakuwa mzito.

"Ningetaka ufe, ningerudi kwenye cherehani yangu. Kunywa, mama wee, utaniachia maiti mlangoni!"

Si maneno yaliyomshinda. Ni mikono ya yule mwanamke, iliyotetemeka kuliko yake. Akanywa. Alimeza kila funda akingoja kufa. Baada ya kitambo taa zikarudi mojamoja, moyo ukatulia, na njaa ikamkamata hata akala mkate bila kuuliza ni wa nani.

Akatoa kadi kifuani. "Nisomee," alisema, akitazama pembeni.

Fundi akamtazama, akasoma. "Kidonge nusu saa kabla ya kula. Kwa hiyo unameza, unangoja, unakula. Ndipo utembee."

Mama Pasi hakutoa shukrani. Aliyemchukulia mume sasa alikuwa na siri yake na uhai wake pia, na hiyo ilimuuma kuliko ukuta uliomchubua. Alirudi polepole, akishika kuta. Zamani alihofia sukari ipande. Sasa aliogopa kupanda na kushuka, na zote mbili huanza na moyo kwenda mbio, kama woga wenyewe.

Siku hizi anakula nyumbani, na chai ya saa nne anainywa pia, kisha anazunguka ua wa dobi pale kazini, katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Bi Kona ameambiwa akae mlangoni.

"Usiniondolee macho."

"Sasa nikikutazama tu nitakula saa ngapi?"

"Kula unanitazama," anasema Mama Pasi, akinyoosha mkono mbele yake aone kama unatetemeka.