Bi Mizizi na okidi za wifi yake

Saa moja asubuhi, wageni wa hoteli bado hawajashuka kunywa chai, Bi Mizizi amepiga magoti mapokezi mbele ya okidi ishirini na nne zenye majani ya njano. Anachomoa chungu cha plastiki kutoka ndani ya chungu cha kauri, kisha anakinusa.

Nyuma yake amesimama wifi yake, mke wa kaka yake. Kazi ya kutunza maua haya ni ya wifi, na hapo ndipo penye kidonda.

Bi Mizizi, mwenye miaka 46, anatunza mimea ya ndani mwaka wa kumi na tisa sasa. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu hatazami ua kabla ya mzizi. Alikuwa akihudumia ofisi na hoteli kumi na moja, zimebaki nne. Nyingine amezichukua wifi, aliyefundishwa naye hata namna ya kushika mkasi.

"Nilimwonea wivu, sikufichi. Nikipita hapo nje nilikuwa nageuza uso," anasema.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wifi alisifiwa sana. Majani yalipolegea alidhani ni kiu, akamwagilia kila siku. Meneja wa hoteli akampa wiki mbili: okidi zisipopona, anatafuta mtu mwingine. Mtu mwingine huyo kila mmoja anamjua.

Ndipo wifi akameza aibu, akampigia simu Bi Mizizi.

"Dada, si uzee tu huu?" anamuuliza sasa kwa sauti ya chini.

Bi Mizizi anakigeuza chungu mkononi. Baadaye anakiri kwamba "ndiyo" moja tu ingetosha kumrudishia riziki yake: wifi angeendelea kumwagilia hadi maua yafe.

"Jani moja la chini likigeuka njano, huo ni uzee, liache lidondoke lenyewe," anamjibu hatimaye. "Haya ni matatu matatu. Mizizi imeoza, wifi. Umeizamisha."

Anamwonyesha maji yaliyotuama ndani ya chungu cha kauri. Mzizi wa kijani umeshiba, mweupe una kiu, wa kahawia unaobonyea umekufa, na mzizi uliokufa hauna mdomo wa kunywea. Anakata uliooza kwa wembe uliofutwa kwa spiriti, anapaka vidonda unga wa mdalasini, anapanda upya kwenye vipande vikavu vya magome. Hakuna maji kwa siku kadhaa. Chungu cha pili anamwachia wifi, naye anabaki kumsahihisha, tena kwa ukali.

Akiulizwa kama wivu umekwisha, anacheka. "Uishe uende wapi? Upo, tumekuja nao."

Mkataba wa hoteli utashindaniwa upya mwisho wa mwaka, na Bi Mizizi ataomba. Ameshamwambia wifi waziwazi.

"Nataka niichukue kazi hii maua yake yakiwa yamechanua," anasema akifuta wembe. "Nikimshinda kwa maua yaliyokufa, nitakuwa nimemshinda nani?"