Nguo Nane za Mtu Mmoja

Ukutani kwangu, Boko, nilibandika ratiba: Jumatatu kukata, Jumanne kuunganisha, Jumatano zipu na pindo. Ushonaji nilijifunza mwenyewe kwenye simu, hivyo ratiba ndiyo cheti changu. Zilikuwa sare nane za wanawake wa upande wetu kwa sendofu, sherehe ya kumuaga dada yangu, Jumamosi. Baada ya harusi angehamia Mbeya.

Nina tatizo la afya ya akili, wanaliita la haiba. Woga wa kuachwa hunipanda ghafla. Daktari alinieleza: “Kupanga unajua. Ila ukiogopa, anayepanga na anayetenda hawaonani.”

Jumatatu asubuhi dada alisema, “Nitakupigia baadaye, mdogo wangu.” Hakupiga. Nilikata vitambaa nikiitazama simu. Mikono ilikuwa na utulivu ambao mie sinaga. Kila hatua niliiwekea tiki kwa wakati. Sijawahi kufuata ratiba vile.

Alhamisi mchana dada alikuja na shangazi kujaribu.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Haya nivalishe, nikawatese!”

Shangazi ni mnene. Nguo iligoma mabegani.

“We mtoto, umenipima nikiwa darasa la pili?”

Nikampa nyingine, ikagoma palepale. Ya tatu vilevile. Hapo akaacha kucheka.

Dada akazitazama zote kwenye kamba. Kifua kilekile, kiuno kilekile, na bega la kushoto limeshuka kidogo, kama lake. Akavaa moja, ikamkaa. Akavaa nyingine.

“Hizi zote mie?”

Yeye hakuwemo hata kwenye orodha. Bibi harusi havai sare. Nilifungua daftari. Vipimo vya wanawake wanane vilikuwepo, kwa mwandiko wangu mzuri. Sikukumbuka kuviacha nikakata vya dada. Nilichojua ni kwamba sasa ataondoka na hatarudi.

“Tutavaa nini jamani?” shangazi aliuliza.

“Khanga,” dada alijibu. “Nitasema fundi aliumwa. Si uongo.”

Alikunja nguo moja akaitia kwenye mkoba.

“Hii naenda nayo. Zile saba fumua, moja kwa siku. Ukimaliza moja, nipigie.”

“Nisipomaliza?”

“Nipigie vilevile.”

Nilitaka kumwamini. Walipofungua mlango, upepo uliingia, na zile saba zikageuka kwa pamoja, zikamtazama akienda.