Jina la Dago

Nilipokuwa mdogo nilikuwa na majina mawili, moja la nyumbani na moja la dago. La nyumbani ni Somoe, na ndilo ninaloitwa mpaka leo. La dago lilikuwa Upawa. Nilipewa na Bibi, mama yake baba, na hakunipa kwa utani ingawa sisi watoto tulilichekea sana. Kwake yeye lilikuwa kinga.

Dago, kwa asiyejua, ni kambi ya wavuvi. Wakienda kuvua mbali huhamia ufukweni na sufuria zao, wakalala hukohuko mpaka bamvua, yale maji makuu ya mwezi, liishe. Bibi alikulia katika madago ya kwao Kinjumbi, na huko alifundishwa kwamba pwani ina wenyewe. Wenyewe hao hawatajwi kwa jina lao, na wao pia hawatakiwi kulijua lako. Kwa hiyo ukifika unapiga hodi, unafukiza ubani kidogo, kisha kila mtu anapewa jina la chombo cha jikoni mpaka siku ya kurudi. Ukisikia unaitwa kwa jina lako la nyumbani, nyamaza. Huyo si mtu wa kwenu.

Dago letu sisi lilikuwa la anasa. Baba alikuwa mlinzi wa pwani ya hifadhi, si mbali na Masoko, mahali ambapo wageni walikuja kupiga mahema ili wavuke kwenda kutazama magofu ya Kisiwani. Likizo za shule alikuwa akituombea ruhusa, nasi tukapiga hema letu la turubai pembeni, karibu na mikoko. Kwa Bibi lile lilikuwa dago kama madago mengine. Siku ninayoikumbuka alishuka mashuani, akavua kandambili, akasimama kwenye mchanga mbichi.

"Hodi, wenyewe. Tumekuja na watoto, hatuna ubaya."

Halafu akagawa majina. Yeye Kinu, kwa ajili ya kiuno chake, alisema mwenyewe huku anacheka. Baba Sufuria. Mimi Upawa. Mdogo wangu Shabani, ambaye alikuwa hajaanza shule, akawa Kifuu.

"Na mama yenu je?" akauliza.

"Mimi jina ninalo, Mama," akajibu mama yangu, akiendelea kufungua vyombo. Alikuwa mwalimu, na mambo ya wenyewe aliyachukulia kama vumbi la uani: hakugombana nayo, aliyafagia tu akaendelea na kazi.

Ilikuwa alasiri, maji yameanza kujaa. Baba alikuwa amewavusha wageni. Mimi na Mama tulikuwa tumechuchumaa karibu na moto tukitoa samaki magamba, sote wawili kimya, kwa kuwa Bibi alikuwa anaswali nyuma yetu. Shabani tulimwacha anafukuza kaa pale mikoko inapoanzia. Bibi alipotoa salamu na kukunja mkeka, Mama aliinua kichwa akaona kaa tu.

"Shabani!"

Mama alisimama, kisu bado mkononi, akaita tena na tena. Maji yalikwisha kuingia kwenye mikoko, na yeyote aliyezaliwa pwani zile anajua jinsi bamvua linavyokuja, halibishi hodi. Mashua ya Baba ikarudi wakati huohuo. Baba akaruka majini na nguo zake, na wageni nao wakaanza kuita, "Shabani! Shabani!" kwa matamshi yao ya kigeni. Jina la ndugu yangu lilikuwa limejaa pwani nzima na hakuna aliyeitika.

"Msimwite hivyo," Bibi akasema. "Hataitika."

"Mama, mwanangu anazama, wewe unaniletea habari za majini!" mama yangu akafoka.

Bibi alikaza kanga yake kifuani akaingia kwenye tope, maji yakamfika magotini, kisha mapajani, akapaza sauti ambayo sikujua kwamba anayo.

"Kifuu! We Kifuu! Kinu anakuita!"

Ndani kabisa ya mikoko, kasauti kadogo kakajibu: "Naam, Kinu!"

Baba alimkuta amekumbatia mzizi wa mkoko, maji kifuani. Alipofikishwa mchangani Mama alimshika mashavu. "Hukunisikia nikikuita?"

"Nilisikia," Shabani akasema huku meno yanagongana. "Bibi amesema ukiitwa jina lako usiitike."

Nilimwona Mama akigeuka kumtazama mkwewe. Sijasahau jicho lile. "Ulitaka kuniulia mtoto," akasema, taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake saa. Baba alikuwa amesimama hapohapo, na hakumtetea mama yake. Bibi alikaa chini na kanga yake iliyolowa, akaanza kukwangua tope miguuni, na alikwangua hata pale palipokuwa pameshatakata.

Jioni ileile tulifunga hema.

Tangu siku hiyo Bibi hakupiga hodi tena mahali popote. Tukimwomba hadithi alisema, "Muulizeni mama yenu, ndiye msomi." Hakuwa na kinyongo, hilo ndilo lililokuwa gumu. Aliamini kweli kwamba ana hatia. Mara nyingi nilimwona anamvuta Shabani pembeni na kumuuliza, "Umenisamehe, mjukuu wangu?" Shabani alitikisa kichwa kukubali, akakimbilia mpira. Hata katika ugonjwa wake wa mwisho, wakati mimi niko shule ya bweni Lindi, niliambiwa alikuwa akiuliza swali lile lile.

Nami? Mimi nilimwonea aibu. Nilipokuwa mtu mzima nilikisimulia kisa kile kazini, nikaigiza na sauti yake, "Kinu anakuita!", wenzangu wakavunjika mbavu. Nilikisimulia vizuri mno. Leo natamani ningekuwa na ulimi mzito.

Mwaka jana mimi na Shabani tuliwapeleka watoto wetu kulala kwenye pwani ileile. Siku hizi kuna vyoo, kuna vibanda vya makuti na taa za sola. Maji yalikuwa yanajaa, watoto wanaogelea mbele yetu, nami nikaanza kukisimulia tena. Shabani hakucheka.

"Dada, walianza kuniita kabla yenu," akasema.

Nilidhani anatania. Akaniambia kwamba siku ile, maji yakiwa bado magotini mwake, alimsikia Mama anamwita kutoka upande wa mlango wa bahari, kule kwenye mkondo na kina kirefu. Sauti ya Mama hasa, tamu, haina haraka. Alishapiga hatua kwenda. Ndipo akakumbuka maneno ya Bibi, akakumbatia mzizi. Sauti zetu zilipokuja baadaye hakuweza tena kutofautisha.

Nilimwona Mama akilini mwangu, amechuchumaa na kisu na samaki, kimya, kwa kuwa Bibi alikuwa anaswali.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa mtoto, Somoe. Mama amekasirika, Baba kanyamaza, Bibi ananiomba msamaha. Nani angetaka kunisikia?"

Sijui alisikia nini. Labda ni mwangwi, labda ni mama mwingine anamwita wake ng'ambo ya maji, na sauti husafiri mbali juu ya bahari. Nimejipa maelezo yote hayo na hakuna hata moja linalonipunguzia uzito. Kwa vyovyote vile, neno la Bibi ndilo lililomzuia mtoto asiende kwenye kina, na sisi tulimwacha mwanamke yule afe akiomba radhi kwa hilo. Mtu mmoja tu angetosha kumkalisha mtoto na kumuuliza vizuri. Nilikuwa dada yake, tulilala kitanda kimoja, na sikuuliza.

Tulipoondoka pale tulipitia Kinjumbi. Kaburi la Bibi lilikuwa limeota majani, tukayang'oa kwa mikono, tukamsomea Fatiha. Mimi nililia tu. Shabani alichuchumaa, akaweka kiganja kwenye mchanga.

"Kinu," akasema. "Waliniita. Sikuitika."