Zamu ya Mama Pasi

Kwenye duka la dobi alikofanya kazi tangu ujana wake walimwita Mama Pasi, na mdomo wake ulikuwa wa moto kuliko hiyo pasi yenyewe. Kwa hiyo mkaza mwanawe hakuthubutu kubisha alipoambiwa, "Kesho twende zahanati ukapimwe mlango wa kizazi. Na uoga wako uuache hapa hapa."

Asilolijua binti ni kwamba mwoga alikuwa mkwewe. Hedhi ilikuwa imekoma zamani, kisha damu ikarudi, matone tu. Mama Pasi alifua nguo zake za ndani nyuma ya duka, wenzake wakienda kula. Alitaka kwanza aone mwenzake anafanywa nini.

Binti aliingia nyuma ya pazia, akatoka anatabasamu. "Kumbe si kitu, mama. Wanapaka siki, wanatazama kama kuna doa, basi. Niko salama."

Muuguzi akachungulia. "Na wewe, mama?"

"Mimi nilishafunga duka, mwanangu. Mtakagua nini humo, buibui?"

Benchi zima la waliosubiri likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Binti akaona alivyoukaba mkoba wake, akamwinamia.

"Mama, kuna nini?"

"Natokwa na damu," alimnong'oneza.

Wakaingia pamoja. Muuguzi alisogeza taa, akatazama, akaisogeza tena karibu zaidi.

"Sema basi!"

"Kuna kidonda, mama. Kikiguswa tu kinatoa damu. Hapa hatukiwezi. Nenda hospitali kubwa wakate kinyama wakipime. Usingoje."

Kinyama kikakatwa. Kungoja majibu ndiko kulikomtoa roho. Usingizi ulimruka, na kazini aliunguza shati la mteja, jambo ambalo halijapata kutokea. Binti alikatazwa kufungua mdomo. Alivumilia mpaka akashindwa, akamwambia mumewe.

"Nimekupa siri, umeitangaza!" Mama Pasi aliwaka.

"Nimemwambia mwanao, mama, si majirani. Kunifukuza nifukuze, lakini majibu tutakwenda kuyachukua watatu."

Wakaenda watatu. Daktari hakuzunguka mbuyu. "Ni saratani. Ila bado iko kwenye mlango wa kizazi, haijasambaa. Tutakitoa kizazi chote. Ungechelewa zaidi, tungekuwa tunaongea mengine."

Mwanawe akafunika uso kwa mikono, akilia. Mama Pasi alimgeukia daktari.

"Kitoeni," akasema. "Kazi yake kilishamaliza. Si huyu hapa analia?"

Akapasuliwa, akapona jeraha, na kila akiitwa kuangaliwa tena huenda. Siku aliporudi dukani, wenzake walimzunguka: alikuwa anaumwa nini hasa? Akawaeleza bila kuficha, tangu tone la kwanza. Hakuna aliyetania. Mkunja nguo, mwanamke aliyekuwa na shuka mikononi, aliiweka chini taratibu.

"Hiyo zahanati," akauliza, "hufunguliwa saa ngapi?"