Kikaratasi cha Mhariri Mkuu

Siku yangu ya kwanza katika gazeti la Kiarabu la Durban, mwaka 2008, nilianza kwa uongo. Mhariri Mkuu, mzee wa Kisudani aliyewahi kuishi Mombasa, aliniuliza, "Kiarabu unakijua?" Nikajibu, "Nimesoma chuoni, Sheikh, juzuu zote thelathini." Kweli nilisoma, kwetu Tanga. Maana yake ndiyo sikuijua, na yeye hakuniuliza.

Ninyi vijana wa simu hamkuliwahi gazeti lile. Kurasa nane, kila siku isipokuwa Ijumaa, lipo mitaani adhuhuri. Lilianzishwa na wafanyabiashara Waarabu waliochoka kupata habari za kwao zikiwa zimeshapoa, na wanafunzi wa chuo kikuu mtaani Westville waliligombania. Lilifunguka kwa kulia, hivyo mabamba, yale mabati membamba yanayobeba kurasa mtamboni, tuliyapanga kinyume na wachapaji wengine wa Durban. Mabamba ndiyo yalikuwa kazi yangu. Mtambo aliushika Papa Bahati, Mkongomani wa Bukavu, mlokole haswa.

Asubuhi moja Mhariri akaniwekea kikaratasi cha Kiarabu juu ya bamba la ukurasa wa tanzia, wenye matangazo ya vifo. Nikakisoma kwa sauti, kwa mahadhi ya chuoni, navuta panapovutwa. Papa Bahati akavua kofia. "Amen! Iko maneno ya muzuri, muzee." Nikamwambia awashe mtambo.

Alasiri yake watu walifika nyumba moja Westville na masufuria ya wali wa msiba. Aliyewafungulia mlango ni marehemu mwenyewe.

Mhariri akaniita. "Ulikisoma?"

"Nilikisoma, Sheikh."

"Kinasemaje?"

Nikamsogezea kikaratasi chake. Kibali changu cha kuishi nchini kilitegemea kazi ile.

"Kinasema: simamisheni tangazo hili, mwenyewe kanipigia simu yu mzima." Akanirudishia. "Hebu soma tena." Nikasoma. Mzee akafumba macho. "Unasoma kuliko wanangu, mwongo wee. Kesho uje mapema kabla ya wenzako."

Ombi la radhi lilitoka ukurasa wa kwanza, chini yake jina la Mhariri, si langu. Sijaona bosi kama yule. Kila asubuhi alinifundisha mistari mitano, gazeti la jana ndilo kitabu chetu. Lakini ukurasa wa tanzia hakuniachia tena. Aliukagua mwenyewe miaka yote, na hilo liliniuma kimyakimya.

Mwaka 2015, siku yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, nikakuta kikaratasi juu ya mabamba. Nikakisoma kwa mahadhi yaleyale.

"Amen!" akasema Papa Bahati, kofia mkononi.

"Ngoja, Papa. Leo nitakwambia kinasema nini. Kinasema tanzia za leo hatazikagua. Nikishaziona mimi, yatosha."

Papa Bahati akarudisha kofia kichwani. "Eish, muzee. Basi angalia vizuri."

Nikausoma ukurasa mara tatu, machozi yananitoka. Kisha nikazipigia simu familia za marehemu wote wanne, moja baada ya nyingine, ndipo nikamwambia awashe mtambo.