Kujaza Wagoni ya Kamalondo

Nyuma ya Kamalondo kulipita kanjia kadogo ka reli. Kila wiki mashine ilikuya pale polepole kama mama mwenye mimba, ikatuachia wagoni moja: samaki ya kukauka ya mama mudogo, muhogo ya majirani, na harufu. Bantu ya ngambo ingine ya mugini balisema Kamalondo inanuka. Sisi tulisema Kamalondo inakula.

Siku moja kapita, musimamizi wa reli, akatuletea habari mbaya. Wagoni inakuya imejaa, inarudi mutupu. Muzungu mukubwa atakuya kuangalia kama kanjia kafungwe. Kakifungwa, samaki itakuwa inashukia kwenye gare kubwa, ile stesheni ya mbali, na mama mudogo ataibeba mwenyewe mpaka nyumbani. Ile samaki ndiyo ilitulisha, ndiyo ilinisomesha.

"Niko na shingo moja tu!" mama mudogo akalia.

"Basi mama, tujaze wagoni ya kurudi," nikasema.

"Na nini, we kichwa ya mbuzi?"

"Na kila kitu."

Fundi wa kushona akatoa kitanda yake. Jirani akatoa milango mbili. Wagoni ikabaki kucheka, nusu yake wazi. Ndipo bamama bakapika munkoyo, ile kinywaji tamu ya mahindi, bakaijaza mu mapipa. Mutoto yeyote wa kwetu anajua: munkoyo inafunikwa na kitambaa, kwa sababu inachemka yenyewe bila moto.

"Kitambaa?" mama mudogo akasema. "Muzungu atazani ni chakula ya matanga. Pigeni vifuniko misumari!"

"Mama, munkoyo inataka kupumua," fundi akasema.

"Itapumua ikifika."

Kesho yake jua likapiga ile wagoni tangu asubuhi. Muzungu akafika, nguo nyeupe pee, kofia ngumu, fimbo mukononi. Akapanda ndani.

"Hii nini?"

"Mizigo, Bwana," kapita akajibu.

Akagonga pipa na fimbo. Pipa ikamujibu. Kifuniko kikaruka mpaka juu, povu ikamuvalisha muzungu toka kofia mpaka viatu. Pipa ya pili, kusudi isiache ndugu yake peke yake, ikapasuka pia.

Mama mudogo akapiga magoti. "Pole Bwana. Hiyo ni ya juu tu. Tamu iko chini."

Muzungu akalamba ndevu zake. Akalamba tena.

"Inaenda wapi?"

Tulijaza wagoni, hakuna aliyefikiri inaenda wapi!

"Kipushi!" mama mudogo akasema. "Bantu ya mine, bale ba kuchimba shaba, bako na kiu."

"Basi iende mbio, mbele mapipa yote haiyapasuka. Na wiki ingine pia. Kitu ya namna hii haiwezi kungojea."

Hivi ndivyo reli yetu ilipona. Kitanda ya fundi ilienda Kipushi nayo, haiyarudi; analala chini. Lakini mapipa yalirudi yamelambwa safi, na habari: leteni mingi.

Sasa kila wiki ninatwanga mahindi mbele ya kwenda masomo. Mupe, padri wetu wa masomo, ananingojea kwenye mulango na kiboko.

"Umechelewa kwa nini?"

"Mupe, ni sababu ya reli."

Anazani ninamucheka.